Shajara ya mradi: kuhamisha seva ya takwimu, kigezo kwa kigezo

Kabla ya kuanza

Mtandao wetu wa zahanati na vituo vya afya hutunza takwimu zake za kila mwezi kwenye DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda huitumia kitaifa. Makarani hujumlisha kutoka vitabu vya MTUHA (rejesta za huduma za afya za kila kituo), kisha huingiza jumla zile kwenye fomu za kompyuta. DHIS2 imeandikwa kwa Java na hukaa ndani ya Apache Tomcat, seva inayoendesha programu za Java za wavuti. Data zote zimo kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

Seva ya zamani inastaafu. Mpya ina RAM ya GB 16, viini vinne vya CPU, Ubuntu 22.04 na PostgreSQL 14. DHIS2 inapanda hadi toleo la 2.41, ambalo linadai Java 17; kule tunakotoka bado ni Java 8. Tomcat tunabaki na ya 9, kwa sababu kuanzia ya 10 majina ya vifurushi yalibadilika kutoka javax kwenda jakarta, na DHIS2 2.41 imejengwa kwa majina ya zamani.

Sharti tulilojiwekea ni moja. Hakuna kigezo cha kuwashia kitakachohamia seva mpya mpaka mmoja wetu aeleze kinafanya nini na kwa nini kina thamani ile. Kisichoelezeka kinabaki nyuma. Shajara hii ni ya atakayeshika seva baada yetu, ili akikuta namba aikute na sababu yake.

Kipo kigezo kimoja ambacho tumekihamisha herufi kwa herufi bila mjadala: `encryption.password` ndani ya faili la `dhis.conf`. Lazima kiwe na herufi zisizopungua 24, na ukikibadilisha, kila kilichofichwa kwa nywila ya zamani hakisomeki tena. Faili lenyewe lina ruhusa ya 600 na mmiliki wake ni mtumiaji wa Tomcat peke yake.

Jumatatu: mstari wa Java

Kazi ya leo ilikuwa kusoma mstari mmoja tu, huu uliokuwa kwenye `setenv.sh` (faili la kuwashia Tomcat) ya seva ya zamani:

`JAVA_OPTS="-Xms2g -Xmx12g -XX:MaxPermSize=512m -XX:+UseConcMarkSweepGC -XX:+PrintGCDateStamps -Djava.security.egd=file:/dev/./urandom"`

Tuliuweka kama ulivyo kwenye seva mpya ili tusikie Java 17 itasema nini. Iligoma papo hapo:

`Unrecognized VM option 'MaxPermSize=512m'`
`Error: Could not create the Java Virtual Machine.`

Inataja kosa la kwanza inalokutana nalo na kuishia hapo, kwa hiyo ukiondoa moja unakumbana na linalofuata. Mwenzangu alipendekeza tuongeze `-XX:+IgnoreUnrecognizedVMOptions`, ambayo huiambia Java ipuuze isichokijua. Nimekataa. Kigezo hicho kingetuwasha leo, lakini siku mtu akikosea herufi moja kwenye kigezo cha maana, seva ingewaka kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye seva ya takwimu za afya nataka mashine inayogoma kwa sauti.

Basi tukaenda kimoja kimoja.

`MaxPermSize` ilipanga ukubwa wa eneo la kumbukumbu lililokuwa likihifadhi maelezo ya klasi za programu. Eneo hilo lilifutwa kwenye Java 8 mwaka 2014, nafasi yake ikachukuliwa na Metaspace, ambayo hukua yenyewe nje ya hipu, ile kumbukumbu ya kazi ya Java ambayo `-Xms` hupanga ukubwa wake wa kuanzia na `-Xmx` ukubwa wake wa juu kabisa. Ina maana kwamba hata kule kwa Java 8 kigezo hiki kilikuwa hakifanyi lolote. Tulipofungua logi za zamani tuliikuta Java ikionya kila ilipowashwa kwamba inakipuuza. Kimeondoka.

`UseConcMarkSweepGC` ilichagua mkusanya taka (sehemu ya Java inayosafisha kumbukumbu isiyotumika tena) wa zamani aitwaye CMS. Tangu Java 9 mkusanya taka wa kawaida ni G1, na CMS iliondolewa kabisa kwenye Java 14, mwaka 2020. Kwenye mashine yenye viini vinne na GB 16, Java 17 huchagua G1 bila kuambiwa, kwa hiyo hatukuandika chochote mahali pake. Tulihakikisha kwa `java -XX:+PrintFlagsFinal -version` na kutafuta `UseG1GC`. Ikasema kweli.

`PrintGCDateStamps` iliandika saa kwenye logi ya usafishaji wa kumbukumbu. Kuanzia Java 9 logi zote za JVM (mashine pepe ya Java) zina mtindo mmoja, tukaandika `-Xlog:gc:file=/var/log/tomcat9/gc.log:time,uptime:filecount=5,filesize=20m`. Sasa mafaili yanazunguka matano ya MB 20 kila moja na diski haijazwi na logi.

Kile cha mwisho, `java.security.egd`, kina historia yake. Tomcat inahitaji namba za bahati nasibu kutengenezea vitambulisho vya vikao vya watumiaji. Kwenye keneli (kiini cha mfumo) za zamani za Linux, `/dev/random`, chanzo cha namba hizo, ilikuwa inasimama kabisa ikihisi haina vurugu ya kutosha, na seva mpya isiyo na kibodi wala kipanya ingeweza kukaa dakika nzima ikisubiri. Ndipo watu wakaielekeza Java kwenye `urandom`. Nukta ile ya katikati, `/dev/./urandom`, ilikuwa njia ya kuizunguka Java ya enzi hizo, kwa sababu ilipoona `file:/dev/urandom` iliyoandikwa sawasawa ilikuwa inarudi kwenye `/dev/random` kuchukua mbegu. Java 8 ilirekebisha hilo. Keneli nayo, kuanzia 5.6 ya mwaka 2020, haisimamishi tena `/dev/random` ikishajaa mara ya kwanza. Ubuntu 22.04 ilikuja na 5.15. Kigezo kimeondoka, na tutaangalia logi kama Tomcat italalamika kuhusu `SecureRandom`. Mpaka naandika haijalalamika.

Ukitoa hivyo vyote, mstari mrefu ule unabaki na `-Xms` na `-Xmx`. Hizo nazo haziwezi kuhamia bila hesabu.

Jumanne: kugawana GB 16

`-Xmx12g` kwenye mashine ya GB 16 ambayo ndani yake imo PostgreSQL ni dai kubwa mno. Kwenye seva ya zamani dai hilo ndilo lililokuwa likileta zile siku ambapo mfumo ulizima bila neno lolote kwenye logi ya Tomcat. Neno lilikuwepo, ila lilikuwa kwa keneli: ukiandika `dmesg` unaliona, `Out of memory: Killed process`, na jina la mchakato ni java. Linux ikikosa kumbukumbu huua mchakato mkubwa, na Java inapouawa namna hiyo haipati nafasi ya kuandika chochote.

Tumegawa hivi. PostgreSQL inapata `shared_buffers` ya 4GB, yaani robo ya RAM, kama waandishi wake wanavyoshauri kwa seva ya hifadhidata. Tomcat ya kazi inapata hipu ya 6g. Tomcat ya mafunzo, ambayo makarani wapya huifanyia mazoezi, inapata 2g. Hiyo ni 12. Zinazobaki 4 zina wadai wengi wasioonekana kwenye `-Xmx`: Metaspace, rundo la kila thredi (uzi mmoja wa kazi ndani ya programu) ambalo kwenye Linux huweza kufika MB 1, msimbo uliotafsiriwa na JVM, nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi mbele ya Tomcat), na ile kache ya mafaili ambayo PostgreSQL inaitegemea sana.

Katika hizo 4 yumo pia mdai anayesahaulika, `work_mem` ya PostgreSQL. Thamani yake ya awali ni 4MB, na kwa DHIS2 watu huipandisha hadi 20MB kwa sababu maswali ya uchambuzi hupanga safu nyingi. Lakini kiasi hicho ni kwa kila tendo la kupanga, katika kila muunganisho. Miunganisho 80 ikipanga mara moja kila mmoja, tayari ni MB 1,600. Swali moja likiwa na hatua tatu za kupanga, fanya hesabu mwenyewe. Tumeandika 16MB kwa sasa, na namba hiyo imefungwa na namba ya miunganisho, ambayo tutaifikia wiki ijayo.

`-Xms` tumeifanya sawa na `-Xmx`. Seva hii haina jirani wa kumkopesha kumbukumbu ikiwa imetulia, na ninapenda ijulikane asubuhi kama GB 6 zinapatikana kuliko ijulikane saa ya makarani wote kuingia.

Tumeongeza `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` pamoja na `-XX:HeapDumpPath=/opt/dhis2/dump`. Hipu ikijaa, picha yake inahifadhiwa kwa uchunguzi. Folda hiyo imefungwa kwa mtumiaji wa Tomcat, maana picha ya hipu ina kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu, vikao vya watumiaji vikiwemo. Asiitume mtu kwa barua pepe.

Vyote vimeandikwa mahali pamoja, `/etc/default/tomcat9`. `setenv.sh` hatuna tena. Kule nyuma mipangilio ilikuwa katika mafaili mawili yaliyopingana, na aliyekuwa akirekebisha moja alishangaa kuona hakuna kinachobadilika.

Jumatano: folda isiyoandikika

DHIS2 inatakiwa kuandika logi na mafaili yaliyopakiwa chini ya `/opt/dhis2`. Tomcat imewaka, programu imewaka, lakini kila jaribio la kuandika linarudi na `Read-only file system`.

Mmiliki wa folda ni sahihi. Ruhusa ni sahihi. Ukijigeuza mtumiaji wa tomcat kwa `sudo -u tomcat touch /opt/dhis2/jaribio`, faili linaundwa bila shida. Hapo wengi huishia kuandika `chmod 777`, na haisaidii hata chembe.

Jibu liko kwa systemd, programu ya Linux inayowasha na kuzima huduma. Kifurushi cha tomcat9 cha Ubuntu huwashwa na huduma yenye `ProtectSystem=strict`. Maana yake ni kwamba, kwa mchakato ule tu, karibu diski nzima ni ya kusomwa tu, isipokuwa njia zilizotajwa wazi kama folda za logi na za programu. Ni ulinzi mzuri: mtu akipenya ndani ya Tomcat hawezi kuandika popote apendapo. Kinachotakiwa ni kuongeza njia yetu kwenye orodha. Tulifungua `sudo systemctl edit tomcat9` tukaandika:

`[Service]`
`ReadWritePaths=/opt/dhis2`

Tukawasha upya, ikaandika. Usihariri faili la huduma lenyewe chini ya `/lib`. Sasisho lijalo la kifurushi litalifuta. `systemctl edit` huweka nyongeza kando, chini ya `/etc/systemd/system`, na hapo inabaki.

Alhamisi: kuwaka kwa haraka, na kuwaka kwa wakati wake

Uwashaji wa kwanza wa toleo jipya huchukua muda mrefu na ni haki yake. DHIS2 hutumia Flyway kubadilisha muundo wa hifadhidata kila inapopanda toleo, na mabadiliko hayo hufanyika wakati wa kuwaka. Asiyejua anaona kimya, anadhani imekwama, anaizima katikati. Tumeandika kwenye karatasi ya taratibu: wakati wa kupandisha toleo, fuata `catalina.out` na jedwali la `flyway_schema_history`, usiguse. Na kwa kuwa toleo likishapanda halirudi chini, nakala rudufu inachukuliwa kabla, kisha inarejeshwa kwenye hifadhidata ya majaribio kuthibitisha kwamba inafunguka.

Uwashaji wa kila siku ni suala jingine. Tomcat ikiwaka hupekua kila faili la JAR (kifurushi cha msimbo wa Java) la programu ikitafuta vibandiko vya JSP (kurasa za wavuti za Java), na DHIS2 ina JAR nyingi. Logi yenyewe hutaja kwamba imepekua JAR isiyo na kitu. Kwenye `catalina.properties` kuna `tomcat.util.scan.StandardJarScanFilter.jarsToSkip`, orodha ya majina ya kurukwa. Tumeongeza yale ya maktaba kubwa zisizohusika na JSP. Uwashaji umepungua kwa sekunde kadhaa. Si nyingi, lakini zinakuja kila mara.

Faida kubwa imetoka kwenye `autoDeploy`. Thamani yake ya awali kwenye `server.xml` ni true: Tomcat inachungulia folda ya `webapps`, ikiona faili jipya la WAR (programu nzima ya wavuti katika kifurushi kimoja) inalipakia hapo hapo. WAR ya DHIS2 ina mamia ya MB. Ukiituma kwa mtandao wa ofisi unaokwenda taratibu, Tomcat inaweza kuanza kufungua faili ambalo nusu yake bado iko njiani. Tumeandika `autoDeploy="false"`. WAR inatua kwanza `/tmp`, inahakikiwa kwa `sha256sum`, inahamishwa, ndipo huduma inawashwa upya kwa amri ya mtu.

Ijumaa

Poti. Connector ya 8080 (mlango wa Tomcat wa kupokea maombi) imepewa `address="127.0.0.1"`, anayeifikia ni nginx tu. Poti ya 8005 ya kupokea neno la kuzima imefungwa kwa `-1`, kwa sababu systemd huzima kwa ishara. AJP (itifaki ya seva ya wavuti kuongea na Tomcat) kwenye 8009, iliyokuwa wazi kule nyuma bila anayeitumia, haikuhamia. Mwaka 2020 udhaifu uliopewa jina Ghostcat, CVE-2020-1938, ulionyesha jinsi poti hiyo inavyoweza kumpa mtu wa nje mafaili ya ndani ya programu.

Skripti inayochota takwimu kuzipeleka Excel ilirudishiwa 400, na logi ikasema `Invalid character found in the request target`. Anwani za DHIS2 hutumia mabano ya mraba, mfano `fields=id,name,children[id]`, na Tomcat huyakataa yakija bila kugeuzwa. Tumeongeza `relaxedQueryChars="[]"` kwenye Connector. Herufi hizo mbili tu. Tukiona nyingine inahitajika tutaiongeza kwa sababu yake.

Wiki ya pili, Jumatatu: namba tano ni mnyororo mmoja

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeshika seva ya Tomcat alisome, hata akiruka mengine yote.

Ombi la karani hupita milango kadhaa, na kila mlango una namba yake katika faili lake. Fikiria zahanati asubuhi. `maxThreads` ni wahudumu walioko vyumbani. Tomcat inatoa 200 usipoandika. `maxConnections` ni wote walioruhusiwa kuingia uani na kukaa kwenye mabenchi, 8,192 kwa Tomcat 9. `acceptCount` ni foleni ya nje ya geti, 100. Lakini mhudumu hawezi kumaliza kazi bila dirisha la dawa, na madirisha ndiyo akiba ya miunganisho ya hifadhidata, `connection.pool.max_size` kwenye `dhis.conf`, ambayo thamani yake ya awali ni 80. Nyuma ya madirisha kuna stoo yenyewe, `max_connections` ya PostgreSQL, 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu wa hifadhidata. Zinabaki 97.

Sasa zisome pamoja. Maombi 200 yanaweza kufanyiwa kazi kwa wakati mmoja, miunganisho ni 80. Yote 200 yakihitaji hifadhidata, 120 yamesimama yakisubiri dirisha huku yakishika thredi. Kwenye kikao cha leo lilitolewa pendekezo la kupandisha `maxThreads` hadi 800 kwa kuwa mwisho wa mwezi mfumo huwa mzito. Ukifanya hivyo, dirisha linabaki lile lile na wanaosubiri wanakuwa 720, kila mmoja ameshika kumbukumbu ya ombi lake. Seva itaonekana na shughuli nyingi zaidi na itatoa majibu machache zaidi.

Ukipandisha akiba ya miunganisho nayo, unagonga 97. Ukipandisha na `max_connections`, unarudi kwenye `work_mem` ya Jumanne na kwenye viini vinne vya CPU, ambavyo haviwezi kufanya maswali mazito mia kwa pamoja hata yakiruhusiwa kuingia. Kwa hiyo tulianza kutoka nyuma, kwenye CPU na RAM, tukaja mbele.

Tomcat ya mafunzo ilikuwa na `dhis.conf` yake isiyotaja akiba, yaani 80 nyingine. Themanini na themanini ni 160, stoo ina 97. Kwenye seva ya zamani hali hii ilikuwa imelala kwa sababu akiba haijai siku ya kawaida. Inajaa siku ambayo kuna mafunzo na wakati huo huo vituo vinaingiza ripoti. Tuliiga siku hiyo kwa Apache JMeter, tukizipiga Tomcat zote mbili pamoja, na PostgreSQL ikajibu `sorry, too many clients already`. Aliyekosa muunganisho angeweza kuwa karani wa kituo chenye ripoti halisi, kwa sababu ya mwanafunzi anayejifunza kubonyeza.

Uamuzi: Tomcat ya kazi 60, ya mafunzo 10. Jumla 70, na zinabaki 27 kwa `pg_dump` (nakala rudufu), kwa `psql` ya mtu anayechunguza, na kwa dharura. `max_connections` haikuguswa. `maxThreads` ya kazi imeshuka hadi 150. Haikushuka hadi 60, kwa kuwa maombi mengi ya DHIS2 ni ya mafaili ya kurasa yasiyogusa hifadhidata. Ya mafunzo 40. Tukarudia jaribio huku tukihesabu mistari ya `pg_stat_activity` (orodha ya miunganisho iliyo wazi) kwa kila mtumiaji wa hifadhidata. Haikuvuka 70, na muda wa majibu ukatulia.

Jumatano: muda wa kusubiri

Dada wa takwimu wa kituo kimoja alipiga simu wakati wa majaribio.

“Kaka, nimefungua ripoti ya robo mwaka, inazunguka halafu inaniandikia 504. Nimeifungua tena mara kadhaa.”

“Pole dada. Usiifungue tena, nipe dakika chache niangalie.”

Nilichokiona: 504 inatoka nginx. Thamani ya awali ya `proxy_read_timeout` ni sekunde 60. Ripoti ile ilihitaji zaidi ya hapo, nginx ikakata tamaa na kumjibu yeye. Ila Tomcat haikujua kwamba mteja ameondoka, ikaendelea, na PostgreSQL ikaendelea. Kila alipofungua tena, swali jingine lile lile liliongezeka. Nilikuta maswali manne yanayofanana yakikimbia pamoja, yakinyang'anyana CPU, na kwa hiyo hakuna hata moja ambalo lingemaliza ndani ya sekunde 60.

Tumeweka `proxy_read_timeout 180s` kwa njia ya `/api/analytics` peke yake. Kwingine kote imebaki 60, kwa sababu fomu ya kuingiza data isiyojibu kwa dakika moja ina tatizo ambalo nataka lionekane. Tulifikiria pia `statement_timeout` ya PostgreSQL kwa mtumiaji wa dhis, tukaiacha: mtumiaji huyo huyo ndiye anayejenga majedwali ya uchambuzi usiku, kazi ndefu kuliko ripoti yoyote, na ingekatwa nayo.

Tukiwa hapo hapo kwenye nginx, `client_max_body_size` imetoka 1m kwenda 20m. Kule nyuma faili la CSV la MB 3 lilikuwa linakataliwa na nginx kwa 413, na aliyelipakia akidhani DHIS2 ndiyo imelikataa. Na `gzip_types` imeongezewa JSON na JavaScript, maana ukiwasha gzip bila kutaja aina, nginx hubana HTML tu. Kwa kituo kinachotumia mtandao wa simu, kurasa za kwanza zinafunguka kwa wepesi unaoonekana kwa macho.

Alhamisi: usiku wa uchambuzi

Ujenzi wa majedwali ya uchambuzi ulikatika kwa `out of shared memory`. Ujumbe huo unatisha bure, RAM ilikuwepo. DHIS2 hugawa majedwali hayo kwa miaka, na muamala mmoja unaogusa vipande vingi unahitaji kufuli nyingi. Ushauri umo kwenye ujumbe wenyewe, mstari wa pili: pandisha `max_locks_per_transaction`. Imetoka 64 kwenda 128, na inahitaji PostgreSQL iwashwe upya. Tumezima pia `jit` (kutafsiri maswali kuwa msimbo wa mashine), ambayo tangu PostgreSQL 12 huwa imewashwa. Maswali ya DHIS2 yana masharti mengi, na muda wa kuyatafsiri ulikuwa unazidi faida.

Jambo moja tumelikataa. Wapo wanaoshauri `synchronous_commit = off` ili uandikaji uwe mwepesi. Hifadhidata haiharibiki kwa kufanya hivyo, lakini umeme ukikatika, miamala ya sehemu ya mwisho ya sekunde inaweza kupotea ingawa mtumiaji aliambiwa imehifadhiwa. Karani aliyeona alama ya kijani akafunga kitabu cha MTUHA harudi kukifungua. Imebaki on.

Ratiba ya kazi hiyo ya usiku ilikuwa imeandikwa saa 2:00. Seva iko kwenye UTC, hivyo ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu na kuendelea hadi vituo vinapofunguliwa. Hatukubadilisha saa za seva wala `user.timezone` ya Java, kwa sababu tarehe nyingi kwenye hifadhidata zimehifadhiwa bila kutaja ukanda wa saa, na kusogeza saa katikati kungezitenganisha za jana na za leo kwa saa tatu. Tumehamisha ratiba: 19:00 UTC, yaani saa nne usiku. `pg_dump` inafuata saa nane.

Ijumaa: hali ilivyo

Seva mpya inabeba kazi tangu jana jioni. Logi ya `gc.log` inaonyesha hipu ikishuka vizuri baada ya kila usafishaji, chini ya nusu ya GB 6 hata makarani wakiwa wengi. Nitaiacha hivyo mpaka wiki ya ripoti za mwezi ipite, ndipo nijue kama GB 1 inaweza kurudishwa kwa kache ya PostgreSQL.

Yaliyobaki: Tomcat ya mafunzo ihamie mashine yake, ombi la ununuzi limeshapelekwa, ikiondoka, akiba ya kazi itapanda kutoka 60 hadi 70 na 2g za hipu yake zitabaki kwa mfumo. Faili la `server.xml`, la `dhis.conf` bila nywila zake, la `/etc/default/tomcat9` na la nyongeza ya systemd yaingizwe kwenye Git, kila badiliko na sababu yake. Na mtu wa zamu ya Jumatatu apime tena `pg_stat_activity` kati ya saa tatu na saa sita mchana, wakati vituo vingi vimeingia.